Mguu Uliogandishwa, Ukarudi Kwenye Cherehani

Wengi wenu hapa Bonga mlinijua kwa mlio kabla hamjanijua kwa sura. Ukishuka kwenye bajaji karibu na kibanda changu, kando ya barabara ya Dodoma, ulikuwa unasikia kwanza taka-taka-taka-taka ya cherehani, kisha unaona vitambaa vimening'inia, ndipo unaniona mimi, Mama Anjela, miwani puani na pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kuitikia shikamoo vizuri, kwa hiyo watoto wa mtaa huu walizoea kuitikiwa kwa nyusi. Sijamnyima mtoto yeyote marahaba yake.

Nianze na raha yangu ya zamani, mjue ugonjwa ulikuja kuniibia nini. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Tuliinunua baada ya mavuno ya mbaazi, Anjela akiwa bado anatambaa, na Baba Anjela alibeba kichwa cha cherehani mikononi kutoka stendi mpaka nyumbani kwa sababu hakumwamini mtu wa mkokoteni. Anjela, mtoto wangu wa pekee, alilala usingizi wake wa mchana chini ya meza ya cherehani hiyo. Nimeshona sare za shule, majoho ya kwaya, magauni ya kipaimara, na suruali za wanaume wasiokubali kwamba wamenenepa. Watu hudhani ushonaji ni mikono. Mikono inaongoza tu. Anayesema twende, taratibu, simama, ni kifundo cha mguu.

Sasa huyo huyo ndiye aliyeugua.

Anjela alikuwa bado shuleni bodaboda iliponiangusha nikitoka sokoni. Mguu wa kulia ulibaki chini ya pikipiki. Nikafungwa plasta, nikapona, nikatembea, nikasahau. Mguu haukusahau. Miaka ikapita, ndipo asubuhi moja nikashuka kitandani na kujikuta nimeshika ukuta. Nilidhani nimelala vibaya. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Baadaye kifundo kikaanza kuvimba kila jioni, ngozi inang'aa, na ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Kisha kikaanza kusaga. Nilikuwa naisikia kwa ndani, krr, krr, na Baba Anjela aliyekaa kiti cha pili alikuwa anaisikia pia. "Mama Anjela, umemeza kinu?" alikuwa ananiuliza. Nilikuwa nacheka, halafu akitoka nauma khanga.

Sisi watu wa huku tunajua kwamba maumivu ya viungo ni baridi, na sijawahi kumsikia mtu akibisha. Mimi nimezaliwa juu, Mbulu, ambako baridi tumekua nayo kama ndugu wa familia. Kwa hiyo nilipigana nayo kwa moto. Maji ya moto na chumvi. Mchanga uliokaangwa na kufungwa kwenye kitambaa. Soksi mbili kwa pamoja hata mwezi wa kumi na mbili. Dawa za kuchua zenye pilipili, mpaka Baba Anjela akasema mguu unanukia kama supu.

Jemadari wa vita hiyo alikuwa mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Bibi. Alikuwa anashuka kutoka Mbulu kwa basi, hajanywa hata chai, anauliza beseni liko wapi. "Baridi imeingia kwenye mfupa," anasema. "Itatolewa kwa moto." Na mama mkwe wako akipiga magoti kukukanda, wewe utasemaje? Unanyoosha mguu, unasema asante Mama. Anauliza, "Inachoma?" Ukisema hapana, anaongeza. Ukisema ndiyo, anafurahi, kwamba sasa dawa imefika.

Lakini haikufika. Ikafika siku ambayo kila nikikanyaga, maumivu yalipanda kama msumari kutoka kwenye kifundo mpaka chini ya goti. Nikajaribu kwa mguu wa kushoto peke yake. Ule ulikuwa haujui kazi: gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukakatika. Nikaufunga, ukakatika tena. Watu wakaniambia funga mota ya umeme. Nikafunga. Mota ile ilikuwa na mbio za ndama aliyeachiwa zizini. Siku ya kwanza nilishona mfuko wa shati ukaziba wote, na siku ya pili nilishona kidole changu. Siku ya tatu umeme ulikatika, nikamshukuru Mungu.

Mwisho kibanda kikanyamaza. Nilirudisha vitambaa vya watu, kimoja kimoja, nikiwa nimekaa. Nikienda chooni nilikuwa nashika ukuta, nikirudi nashika ukuta. Niliona uchungu, ndugu zangu. Uchungu wa mguu mnaweza kuuwazia. Ule wa kukaa kwenye kibanda chako mwenyewe kama mgeni, huo sina maneno yake.

Daktari wa mifupa hapa Babati mjini alinipiga picha, akaniwekea ile karatasi nyeusi kwenye mwanga. "Mama, kati ya mifupa kuna gegedu," akasema, "ile nyeupe mnayotafuna mwisho wa mfupa wa nyama. Ya kwako imekwisha. Mfupa unasaga mfupa." Akanipa vidonge. Vikaniumiza tumbo. Akanichoma sindano ndani ya kifundo chenyewe. Nikapata nafuu, nikacheka, nikashona kidogo, maumivu yakarudi. Akasema, "Limebaki la upasuaji. Tutaunganisha mifupa kwa skrubu iwe kitu kimoja. Maumivu yataisha."

"Na nitaweza kukanyaga cherehani?"

Akaangalia picha, akaniangalia mimi. "Kifundo hakitakunjika tena, Mama."

Nilirudi nyumbani nikakubali. Nilikuwa nimechoka. Na wakati huo huo Anjela alikuwa amechumbiwa na kijana mzuri wa Kondoa, na vikao vya sendofu vimeanza. Mnajua kwetu hapa mzazi akimuaga binti yake humpa kitu cha kuanzia maisha, na cherehani ni zawadi yenye heshima kuliko hata kitanda. Basi katika kikao cha familia, mbele ya Bibi na wajomba wote, nilisimama kwa fimbo nikasema: "Cherehani yangu nampa Anjela. Mimi miguu imekataa."

Watu wakapiga makofi. Anjela akalia, nami nikadhani ni furaha. Msichana mwenyewe ni mwalimu wa chekechea, na kifungo akikishona leo, kesho unakiokota. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa mbele ya ukoo, na neno la namna hiyo halirudishwi mfukoni.

Nilipokwenda kupanga siku ya upasuaji, yule daktari akaniambia nisubiri. "Kuna daktari bingwa wa maumivu Arusha. Wanagandisha mishipa ya fahamu kwa baridi kali, maumivu yanatulia bila kugusa mifupa. Haimfai kila mtu. Nenda akuone kwanza, upasuaji haukimbii."

Nikafika nyumbani nikasema, "Wanataka kunitibu kwa baridi." Baba Anjela alicheka mpaka akamwaga chai. Bibi hakucheka. "Mtu amezama," akasema, "na ninyi mnataka kumwongezea maji?"

Nikaenda hivyo hivyo, Anjela akinishika mkono. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, amevaa raba kama mtu anayetoka mazoezini. Akaniuliza kama vidole vyangu hugeuka vyeupe nikishika maji ya baridi, au ngozi huvimba na kuwasha, maana mtu wa namna hiyo hatakiwi kutibiwa hivi. Nikamwambia mimi ni wa Mbulu, maji ya baridi ndiyo yaliyonilea. Akacheka, kisha akanieleza kama unavyomweleza mtu mzima mwenzako.

"Maumivu yanasafiri kwa mishipa ya fahamu kutoka kwenye kifundo kwenda kichwani. Nitagandisha sehemu ndogo ya mshipa unaobeba hayo maumivu. Mshipa huo utanyamaza kwa miezi kadhaa, halafu utaota tena."

"Mguu hautapooza?"

"Nachagua mshipa wa hisia, siyo unaokunja mguu. Ila sehemu ya ngozi itakuwa na ganzi."

"Na ugonjwa utakwisha?"

"Hapana, Mama. Gegedu hairudi. Mimi nitanyamazisha maumivu, wewe utaimarisha misuli."

Nilimpenda kwa ile hapana yake. Nilikuwa nimeshakutana na wengi wa ndiyo.

Kwanza akanijaribu. Alichoma dawa ya ganzi karibu na mshipa huo, tuone kama kweli ndio unaonitesa. Tukasubiri. Akasema, "Haya, fanya kitu kinachokuumizaga." Nikatazama chumba kizima, hakuna cherehani. Nikakaa ukingoni mwa kiti, nikaweka miguu yangu sakafuni, wa kulia mbele kidogo, nikaanza kukanyaga. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Hakuna msumari. Nikaongeza mwendo.

"Mama, unafanya nini?" daktari akauliza.

"Nashona."

"Unashona nini?"

"Gauni la huyu," nikasema, nikimwonyesha Anjela kwa mdomo. Anjela aligeukia ukutani, mabega yanatikisika, sikujua anacheka au analia.

Ganzi ile iliisha kabla basi halijarudi Babati, na maumivu yakapanda ndani ya basi pamoja nami. Lakini nilikuwa nimeshaonja. Tuliporudi Arusha mara ya pili nililala kitandani, wakaniosha mguu kwa dawa ya rangi ya kahawia, wakanipaka ute wa baridi na kupitisha kile kifaa cha kuonea ndani, kama cha wajawazito. Wakaifanya ngozi iwe na ganzi. Kisha daktari akaingiza kitu chembamba, mfano wa sindano ya kushonea magunia. Akaniambia gesi inazunguka ndani ya sindano yenyewe, haiingii mwilini, na nchani panatokea barafu ndogo.

"Ndogo kiasi gani?"

"Kama punje ya mbaazi."

Mbaazi! Nilikaribia kumwambia kwamba cherehani yenyewe ilinunuliwa kwa mbaazi, lakini akasema nitulie. Nilisikia kusukumwa. Nikasikia mshtuko mmoja ukikimbia mpaka vidoleni, nikakaza meno. Halafu nilisubiri baridi, ile ya Mbulu ya alfajiri, inayouma masikio. Haikuja. Kilichokuja ni kimya. Mguu ule ulikuwa unapiga kelele tangu sijui lini, na sasa umenyamaza, na mimi machozi yakanitoka nikiwa nimelala chali yakaingia masikioni.

"Inauma, Mama?" daktari akauliza.

"Hapana. Ndiyo maana nalia."

Kabla hatujaondoka akanipa maagizo, na aliyarudia mara mbili akimtazama Anjela: nivae viatu hata ndani, niutazame mguu kila siku, na nisiuwekee kitu cha moto wala barafu. "Sehemu yenye ganzi haitakuambia ukiungua," akasema.

Nilifika Bonga nikitembea. Polepole, lakini nikitembea, fimbo nimeikumbatia kwapani kama mwavuli siku ya jua. Baba Anjela alikuwa shambani Mutuka, akaja mbio na matope yake, akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Hebu rudi mpaka mlangoni," akasema. Nikarudi. "Tena." Nikarudi tena. Tulicheka kama vichaa.

Siku chache baadaye Bibi akashuka kutoka Mbulu. Alikuwa amesikia kwamba mkwewe ametiwa barafu mwilini, na hakufunga jicho. Beseni likatoka.

"Mama, daktari amekataza."

"Daktari amezaliwa juzi. Nyoosha mguu."

Hapo ndipo heshima iliponiponza. Anjela alikuwa shuleni, Baba Anjela shambani. Nilinyoosha mguu. Bibi akachovya kitambaa, akakamua, akakanda. "Inachoma?" Nikasema kweli: "Hapana, Mama." Akaongeza maji ya moto. "Sasa?" "Hapana." Mvuke ulikuwa unapanda kati yetu. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyekoroga ugali wa misiba tangu ujana, haikusikia kitu; na mguu wangu nao haukusikia. Tulikaa pale wote wawili tukiongea habari za Mbulu, tumeridhika kabisa, tukiupika mguu.

Anjela aliporudi alipiga ukelele. Juu ya mguu lilikuwa limetokea lengelenge la kujaa kiganja cha mtoto, la njano, limejaa maji. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikaona kidonda, nikaona usaha, nikaona mguu uliosafiri mpaka Arusha ukiharibiwa kwenye beseni la nyumbani. Daktari, kwa simu, hakunigombeza. Akasema lengelenge lisipasuliwe, niende nikafungwe kwa dawa safi siku hiyo hiyo, na akaongeza, "Ungekuwa unaumwa, Mama, ungepiga kelele. Kelele hizo ndizo nilizozinyamazisha. Sasa macho yako ndiyo yatakulinda."

Niliporudi kutoka kufungwa kidonda nilimkuta Bibi barazani, ushungi umefunika uso. "Nimemuunguza mwanangu," alikuwa anasema. "Nimemuunguza mwanangu." Nilikaa karibu naye. Tangu niolewe alikuwa ananiita mke wa fulani, mama wa fulani. Siku ile nilikuwa mwanangu, na kwa jina hilo ningempa hata mguu wa pili.

Kidonda kilipona vizuri. Kimeacha alama ya rangi ya chai ya maziwa. Bibi ndiye akageuka askari: mtu akipita na kikombe cha chai karibu na mguu wangu alikuwa anamfukuza, hata padri aliyekuja kututembelea alisogezewa kiti mbali. Na ni yeye aliyenisimamia mazoezi niliyopewa, ya kusimama kwa vidole nikishika meza, na ya kuvuta wayo kwa khanga. "Bado," alikuwa anasema. "Umedanganya hiyo ya mwisho."

Asubuhi moja nikaondoa kitambaa juu ya cherehani. Nikaitia mafuta. Nikaweka miguu. Taka, taka. Taka-taka-taka-taka. Bajaji moja barabarani ikapiga honi, na mtu akapaza sauti, "Mama Anjela yupo!" Nilishona siku hiyo kipande cha kitambaa kisicho na kazi, nikakifumua, nikakishona tena, kwa raha tu.

Gauni la sendofu la Anjela nililishona mimi. Lakini kila mshono ulikuwa unanikumbusha kwamba cherehani ile si yangu tena. Baba Anjela aliniona nikiipapasa. "Mwambie mtoto umebadili mawazo," akasema.

"Mbele ya Bibi na wajomba nilishasema."

"Basi shona haraka," akasema, na akatoka nje, maana naye macho yalikuwa yamebadilika.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, mshereheshaji anapiga kelele kana kwamba tuko ng'ambo ya ziwa. Akatuita wazazi. Walipanga tuingie kwa kutembea, kwa ajili ya mguu wangu. Muziki ulipopigwa, mguu ukajibu wenyewe. Niliserebuka, ndugu zangu, mimi na Baba Anjela, kutoka mlangoni mpaka mbele, nainama nainuka, kiatu cha kulia kinapiga sakafu, na akina mama wanapiga vigelegele mpaka mshereheshaji hakusikika, jambo ambalo lilitupumzisha sote. Nyuma yetu wajomba wameibeba cherehani, imefungwa utepe.

Nikaikabidhi. Niliweka mkono wa Anjela juu yake na nikatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa kazi ngumu kuliko kucheza.

Anjela akachukua kipaza sauti. "Mama umenipa, na mimi nimepokea. Bibi, wajomba, mmeona nimepokea?" Wakaitikia wameona. "Sasa ni mali yangu, nafanya nayo ninavyotaka?" Wakaitikia ndiyo. "Basi, mimi kushona sijui, mnanijua. Natafuta fundi wa kunishikia cherehani yangu. Fundi awe anakaa Bonga, kando ya barabara ya Dodoma. Atanilipa kodi kwa kuwashonea watoto wangu, nikijaliwa." Akapiga magoti mbele yangu na gauni lake lote. "Mama, unaitaka hiyo kazi?"

Ukumbi ulilipuka. Bibi alisimama na fimbo yake hewani. Mimi nikaitikia kwa nyusi, kama mtu mwenye pini mdomoni. Anjela akavuta kiti, akainamisha kipaza sauti karibu na gurudumu. "Kanyaga, Mama. Wasikie."

Nikavua kiatu, kisha nikamkumbuka daktari nikakivaa tena. Nikakanyaga. Ilisikika mpaka nje.

Sijawadanganya mahali popote, na hapa pia sidanganyi: maumivu yalirudi baada ya miezi, kama nilivyoambiwa, ila yalirudi madogo, na nilikwenda Arusha tena. Kifundo bado kinasaga. Nikishona mchana mrefu napumzika na kupandisha mguu juu. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule mwenye raba na yule wa hapa aliyekubali kunituma kwa mwenzake, na namshukuru Bibi, ambaye sasa ananiuliza kama huyo mwanamke wa barafu anatibu na magoti. Nawe unayeshika ukuta asubuhi, usikae unajikanda mwaka hadi mwaka ukisema ni baridi tu. Nenda upigwe picha, uliza una njia ngapi kabla hujakubali moja, na uliyokatazwa na daktari wako uwaambie wazee wa nyumbani mapema, kabla beseni halijatoka. Waambie kwa heshima, lakini kunja mguu.

Juzi nimelipa kodi yangu ya kwanza. Ni kigauni cha njano, kifupi kama mkono wangu huu. Mwenyewe ana miezi sita, na alipoletwa kukijaribu alisinzia, tukamlaza chini ya meza ya cherehani, nami nikaendelea kukanyaga.